Macho Yetu Kwenye Sinia la Mama

Igowole, Jumapili, Julai 1957

Ukungu haukuondoka leo hata ilipofika saa sita mchana. Nimevaa sweta mbili, na bado nahisi nimejikunyata ndani yangu mwenyewe.

Tangu Mama arudi kutoka hospitali ya misheni, alikokatwa titi kwa sababu ya saratani, anaomba apakuliwe chakula peke yake. Kwetu wanawake wa nyumba moja hula ugali katika sinia moja. Anayejitenga huulizwa amemkasirikia nani. Mama huchukua sahani yake ya bati na kwenda kukaa jikoni, mgongo ameuelekeza mlangoni.

Nilijipa jibu upesi mno. Majirani wawili wameacha kunywa togwa kwa vikombe vyetu, nikadhani naye anaogopa kutuambukiza. Kwa hiyo mchana nilimfuata nikamweleza, karibu kama mhadhiri, kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa chakula.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Hayo daktari aliniambia, mwanangu. Ninaowakimbia ni ninyi. Nikinyoosha mkono kwenye sinia, wewe na dada yako Yustina mnaacha kutafuna. Nikimega kidogo, Yustina anafuta machozi. Nikimega tonge kubwa, mnatazamana kwa furaha utadhani mtoto kaanza kutembea. Hata mwizi wa kuku hatazamwi hivyo!"

Nilitaka kukana. Lakini hata alipokuwa akisema, macho yangu yalikuwa kwenye sahani yake, yakipima alichobakiza.

Akaniona.

"Si unaona?" akasema, sasa bila kicheko. "Kidonda kimepona. Ila humu ndani sina tena mtu wa kugombea naye ukoko."

Chuoni Kampala nilifundishwa kutazama kwa makini kabla ya kuamua, nami nikaamini kuwa kutazama ndiko kupenda. Sasa nashuku kwamba tumemfanya mgonjwa hata katika zile saa ambazo ugonjwa wenyewe umempumzisha. Au huenda nakosea tena. Huenda anajificha tusijue jinsi anavyoshindwa kula, na kicheko kile kilikuwa pazia tu. Yawezekana yote mawili ni kweli.

Sina njia ya kujua bila kumtazama, na kutazama ndiko kunakomfukuza.

Kesho nitamwomba arudi kwenye sinia. Ukoko nitaunyakua kabla hajaufikia, anitukane kama zamani.

Je, nitaweza kuutafuna wote bila kuinua macho?