Cheti cha Généreuse

Jumatatu, 6 Juni 2016 — Louisville
Tumeanza hija. Misa, baraka, kisha kwa miguu kupita Buffalo mpaka Tonawanda. Kila parokia tutakapolala wanagonga muhuri kwenye kadi. Ukifika na mihuri yote unapewa cheti. Kule ghalani Jeffersontown ninakofanya kazi, msimamizi aliniambia nikienda nisirudi. Bon. Sirudi. Binti yangu Précieuse amening'ang'ania begi mlangoni — kwa Kiingereza — eti nimezeeka, barabara ni ya magari. Nimemjibu kwa Kiswahili kwamba ya Walungu, kwetu Kongo, ilikuwa ya magari ya jeshi, na nilipita. Akaachia begi.

Jumapili, 12 Juni
Mvua kutwa. Kadi nimeificha kifuani, ndani ya kitenge. Mimi nimelowa, yenyewe kavu.

Jumatano, 22 Juni — Columbus
Wakongomani wa Morse Road wametupikia bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mguu wa kushoto umevimba. Leopoldi, Mtanzania anayetuongoza, ananiomba nipande gari la mizigo. Lakini anayepanda hapati muhuri wa siku hiyo, sharti lake mwenyewe! Nimekataa. Akasema kwa upole kwamba Mungu haangalii karatasi.

Mungu haangalii. Watu wanaangalia.

Kavugho, mwenzangu wa njiani, alipokuwa ananikanda kwa maji ya chumvi akaniuliza cheti nakitakia nini. Nikamwambia. Kabla ya kuitwa Mama Précieuse nilikuwa Mama Généreuse. Mtoto wangu wa kwanza. Tulipokimbia risasi alinitoka mkononi kwenye umati, sikumwona tena. Kambi ya wakimbizi waliandika watoto waliosimama mbele yao tu. Donc hakuna karatasi duniani inayosema alizaliwa.

Kavugho hakusema pole. Amekaza bendeji, akasema, "Kesho tunatembea."

Alhamisi, 30 Juni
Ohio bado. Mguu unauma. Muhuri nimepata.

Jumamosi, 16 Julai — Tonawanda
Tumefika. Wenzangu wamelia, mimi hapana. Dada Anjelina, katibu wa parokia, akachukua kalamu akauliza jina.

"Andika Généreuse Balagizi."

Akatazama nyuma yangu amwone. Nikaeleza. Akasema cheti ni cha aliyetembea. Marehemu anaombewa misa.

"Sijasema ni marehemu. Hakuna aliyeniambia amemwona amekufa."

Leopoldi naye akashauri: cheti jina langu, la mtoto litajwe kanisani kesho. Nimekataa. Langu liko kwenye kadi ya kazi, kwenye bili ya umeme, kwenye mlango wa apatimenti. Linatosha. Lake likitajwa kanisani linaisha na sauti. Nataka liandikwe.

Anjelina amekwenda kumwita padri. Gari la kurudi Louisville limewashwa, wenzangu wameshapanda, wananiita. Naandika hapa hapa kitini. Cheti kiko mezani, pa jina ni patupu. Leopoldi amesimama mlangoni, anasema hawawezi kunisubiri.

Waende.

Kavugho ameshuka garini na begi lake. Amempita Leopoldi. Anavuta kiti.