Gari Linatetemeka, Posa Imevunjika

Mpendwa Mama Tabita,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa barua ndefu maana nikianza kukata sijui nikate wapi. Mimi ni Rabson, mkulima wa kahawa hapa Ihanda, na ninakuandikia wewe kwa sababu uliuza spea Tunduma miaka ishirini kabla hujaanza kuandika gazetini, unajibu ya magari na ya nyumbani, na mimi yangu yamefungamana yote mawili siwezi kuyatenganisha.

Nina gari la marehemu baba, Korola ya zamani, zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye propela ndefu chini ya sakafu kutoka giaboksi hadi difu ya ekseli ya nyuma. Mwezi wa saba lilianza kugonga kila nikiliondoa, nikalipeleka Tunduma kwa shemeji yangu Ombeni, mdogo wake mke wangu Agnes, ana gereji yake kule, akasema krosi zimekwisha, vile viungo vya kwenye propela, akafungua, akaweka mpya, akafunga, nikarudi nalo hadi Ihanda kimya kabisa, na njiani nikamwombea baraka.

Wiki iliyofuata kahawa ikaiva kwa pamoja, nikaanza kubeba magunia, gari likawa linakwaruza tumbo kwenye njia yetu, basi nikafanya kama wengi huku wanavyofanya, nikamwomba mshona katambuga, vile viatu vya tairi, anikatie vipande vinne vya tairi la semi nikavisokomeza kwenye springi za nyuma, likanyanyuka vizuri tu, lakini hilo si neno. Neno ni kwamba siku chache baadaye likaanza kutetemeka. Likifika sabini kwenye lami ya kwenda Vwawa sakafu inacheza, kiti kinacheza, kioo cha kati kinatikisika hata sioni nyuma, ila usukani umetulia. Nikitoa gia likiwa kwenye mwendo, bado linatetemeka. Cha ajabu nikipakia magunia sita linatulia, likiwa tupu ndiyo mateso.

Nikampigia Ombeni, akaniuliza, "Shemeji, umegusa chochote huko chini?" nikasema sijagusa, maana alishawahi kuniambia nisije nikaliinua nyuma na niliona aibu, na kwa kweli sikuona kama mpira ni kitu. Akasema nimpelekee aliangalie. Sikumpelekea. Nilienda kwa fundi mwingine, akapiga balansi tairi zote, akabadilisha mauntini, ule mpira unaoshikilia giaboksi, wapi, mwishowe akainama kidogo akachungulia akaniambia, "Mzee, propela hii siyo yako. Umebadilishiwa. Yako nzima imeshavuka mpaka." Mama, niliwaka. Propela ya baba naijua, ina bonyeo pale alipoigongesha kwenye jiwe tukitoka msibani Ibaba, na miaka yote ile haikututetemesha hata siku moja.

Sasa sikia nilichofanya. Ombeni alikuwa anachumbia hapa hapa Ihanda, binti anaitwa Rozi, na mshenga nilikuwa mimi. Nilipokwenda kuchukua majibu, baba yake Rozi, mzee Jairo, akaniuliza, "Wewe uliyemleta, unamsimamia?" Kwenye ukoo wao swali hilo mshenga hulijibu akiwa amesimama. Mimi sikusimama. Nilijibu nimekaa pale pale kwenye kiti, nikasema, "Baba, siwezi kukudanganya, yule kijana ni mwizi, mimi mwenyewe kaniibia." Mama yake Rozi akaacha kumimina chai. Barua ya posa nikarudishiwa siku hiyo hiyo.

Ombeni hakuja kugombana. Aliniandikia meseji moja tu, "Shemeji, ungeniletea gari." Agnes ananipakulia chakula, anaweka mezani, anaondoka. Na sasa nasikia Jumamosi tarehe ishirini na saba inakuja posa nyingine kwa Rozi, ya mchimba dhahabu wa Mkwajuni, na Agnes anasema binti analia tu. Mama, nimechoka. Je, ninunue propela nyingine au difu ndilo bovu? Na Ombeni nimshtaki kwa wazee wa kanisa, au nimsamehe tu yaishe?

Wako, Rabson, Ihanda.

Bwana Rabson,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimekaa, ya pili nilikuwa nimesimama kwa hasira. Eti umsamehe! Umsamehe nani, baba?

Pole nakupa, moja, kwa sababu kuachiwa gari na mzazi ni kitu, na likiumwa mtu huchanganyikiwa. Pole imeishia hapo.

Ugonjwa wa gari lako umeuandika mwenyewe, halafu ukaufukia katikati ya sentensi kama mtu anayepitisha magendo chini ya mchicha. "Lakini hilo si neno." Ndilo neno! Usukani umetulia, maana yake tairi za mbele hazina kosa. Unatoa gia na bado linatetemeka, kwa hiyo injini haihusiki, na ile mauntini umeionea bure. Likibeba magunia sita linatulia. Unajua kwa nini? Kwa sababu mzigo unalishusha gari pale lilipotakiwa kukaa, na propela inarudi kwenye mlalo wake. Likiwa tupu, vile vipande vya katambuga vinalipandisha nyuma, propela inakunjika kwenye krosi kuliko inavyoweza, inazunguka huku inapigana na difu. Hapo hata propela mpya kutoka dukani ingetetemeka. Ombeni alikukataza. Akakuuliza kwa simu. Ukamdanganya kwa aibu, kisha ukamwita yeye mwizi.

Na huyo fundi wako wa kuchungulia! Wewe unasema propela ya baba ina bonyeo unalolijua. Je, ulilala chini ukalitafuta? Hukulala. Uliogopa kuchafua shati, ukaona heri uchafue jina la mtu.

Leo ni Jumatano. Kesho asubuhi legeza nati za tairi za nyuma, weka kabari kwenye tairi za mbele, inua bodi kwa jeki, usimamishe kwenye stendi, na usithubutu kuingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, maana Agnes hajafikia hatua ya kutaka ufe. Toa tairi, acha ekseli ining'inie, springi zitaachia, chomoa vipande vyote vinne. Ukiwa chini hapo, papasa propela kwa mkono mpaka ulipate lile bonyeo. Ukilipata, kaa nalo kidogo. Itikise propela; krosi zikilia zimeshaanza kuliwa, na hizo umeziua wewe zikiwa mpya. Rudisha tairi, kaza nati, endesha hadi Vwawa gari likiwa tupu. Kwenye sabini utaniambia. Na kahawa yako beba magunia matatu kwa safari, uende mara mbili, njia haihami.

Ukitoka hapo, nenda Tunduma kwa Ombeni. Usimpigie simu, simu ulishaitumia kudanganyia. Mwambie ulichofanya kwenye springi na ulichosema kwa mzee Jairo, maneno yale yale, usiyapunguze chumvi. Halafu muulize kama bado anamtaka Rozi. Akikataa kukujibu ni haki yake. Akisema anamtaka, Ijumaa asubuhi uwe kwa mzee Jairo, kabla ya watu wa Mkwajuni. Akisema hamtaki, nenda vile vile, kwa sababu jina lake bado liko pale sebuleni ulipoliacha.

Wanasema mjumbe hauawi. Wewe ni mjumbe uliyeua. Kwa hiyo usiende na soda wala sukari. Nenda na vile vipande vinne vya tairi, uviweke mezani mbele ya mzee na mkewe, useme, "Mwizi hakuwepo. Hivi niliweka mimi, nikasema uongo." Rozi awepo asikie. Wakikufukuza, fukuzika, ila uwe umeshasema.

Siwezi kukuahidi kitu. Huenda binti ameshakubali kwa kuchoka, na huenda Ombeni hatakuita shemeji tena. Gari lako litapona kesho kabla ya chai ya saa nne, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba uliacha kijana wa watu aharibikiwe kwa kazi ya asubuhi moja.

Mzee Jairo atakukaribisha kiti, ni mtu wa adabu. Usikae. Akuulize asikuulize, jibu lile swali ukiwa umesimama. Kukaa utakaa nyumbani kwako, kama Agnes atakuwa amekuachia kiti.

Tabita