Ukoo wa Sultani

Ikram, acha kupika kwanza usome hii.

Unamjua Sultani, beberu wa ba'mdogo Kassimu, yule anayekula vizuri kuliko watoto wa nyumba ile. Basi wale watafiti waliokuja Rusimbi kutoa mbuzi damu, wanaotafuta jeni zinazomfanya mbuzi akue haraka na kuhimili magonjwa, leo wamerudi na majibu. Mtaa mzima tumekaa tunasikiliza.

Ba'mdogo kavaa kanzu ya Idd. Ya Idd, kwa ajili ya mbuzi.

Watafiti hawajafungua mdomo, yeye kashasimama. "Sultani ni mbegu halisi ya Ujiji. Mbuzi wa wakimbizi hawajawahi kukanyaga banda langu. Warudi kwao, na mbuzi wao wawachukue."

Na mama Gloriose, jirani yake Mrundi, amekaa palepale mbele yake.

Mtafiti akakohoa. Akasema jeni za ukuaji za Sultani ni nzuri sana, na kazirithi kwa baba yake. Baba yake ni beberu wa mama Gloriose, yule aliyevuka naye mpaka.

Wa mama Gloriose, Ikram. Kumbe wakati ba'mdogo analinda mlango wa banda, mbuzi wake jike, mama yake Sultani, alikuwa anashinda kwa jirani.

Akadai damu ipimwe upya. Kofia imeshamshukia kwenye nyusi.

Mama Gloriose hata hakucheka. Kampa shikamoo yake kwanza, kisha kamuuliza taratibu: "Sasa mzee, siku ya kurudi kwetu, Sultani nije kumchukua, au utamleta mwenyewe?"