Mama Chiku na Marehemu Wangu

Likasi, Jumamosi asubuhi

Kwa Yaya Bibiane, dada yangu mkubwa, Kolwezi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini mko wazima, na kwamba magoti yako hayakusumbui sana msimu huu wa mvua. Mimi kuanzia kiunoni kwenda juu sijambo kabisa. Tatizo liko chini, nalo ndilo linalonifanya nikuandikie baada ya miaka miwili ya kununa.

Ndiyo, nilinuna. Siku ya mahari ya binti yako, ile suti ya mjomba iliyoandikwa kwenye orodha ya wakwe ulimpa binamu yetu Placide, eti kwa sababu nilichelewa. Mjomba ni mimi, yaya! Placide mabega yake hata hayaijazi ile suti. Nikaapa sitasema nawe tena, na unajua nikishaapa nilivyo.

Basi wiki tatu zilizopita nilipanda juu ya nyumba yangu hapa Kikula kugongomea bati lililokuwa likivuja. Bati lilibaki juu, mimi nikashuka. Mfupa wa paja ulivunjika mara mbili. Majirani walinibeba hadi hospitali juu ya mlango wangu mwenyewe, na mpaka leo sijui huo mlango uko wapi.

Hospitali zetu unazijua: dawa ni zao, chungu ni chako. Bila ndugu wa kukupikia na kukufulia, utaiona njaa kabla ya kumwona daktari. Mimi sikuwa na mtu. Hapo ndipo nilipomfahamu muuguzi mmoja, Mama Chiku, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya pili aliona mchana umepita bila sahani kufika kitandani kwangu. Akaniletea bukari na mboga ya sombe, akasema kuna mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, ameacha chakula chake. Kesho yake mgonjwa mwingine akaruhusiwa, akaacha samaki. Siku ya tano nikatazama vitanda kimoja kimoja: wote kumi na wawili tulikuwa palepale, hakuna aliyetoka. Nikala hivyo hivyo. Yaya, mama huyu amenisafisha mahali ambapo hata mama yetu aliacha kunisafisha nilipofikisha miaka minne, huku akinieleza habari za sokoni ili nisione aibu. Sijui nitamshukuruje.

Sasa kama umesimama, kaa chini. Siku ya pili hiyo hiyo aliniuliza kama sina ndugu. Niliona haya kusema ninaye dada wa tumbo moja, ila hatusemezani kwa ajili ya suti. Nikasema nilikuwa na dada mmoja tu, amekufa. Akauliza lini. Nikababaika, nikasema mwezi jana.

Laiti ningesema zamani! Kifo cha mwezi jana hakiachwi hivihivi. Jioni ile Mama Chiku aliwaambia wenzangu, na chumba kizima kikakufanyia kilio. Walikulilia vizuri, yaya, huna la kulalamika. Tata Eugène wa kitanda cha jirani, ambaye ana ngiri na amekatazwa kupaza sauti, alikuimbia nyimbo nne za kanisani. Mama Chiku akakusomea dua. Kisha wakataka niseme ulikuwa mtu wa namna gani. Nilikusudia maneno mawili tu. Nikajikuta naeleza jinsi ulivyoacha shule baba alipofariki, ukauza maandazi ili mimi niendelee, na ukanidanganya kwamba masomo yalikuchosha. Nilianza kwa kuigiza, nikamaliza kwa kulia kweli.

Jumapili iliyopita ulinipigia simu. Mama Chiku alikuwa akinifunga bandeji, akaiona simu inalia, akasoma jina. Jina hilo alikuwa amelililia mwenyewe. Akaniinamia sikioni: “Tata Tshimanga, marehemu iko nakuita. Jibu mbio, juu ya kule unité ya simu inaishaka upesi.”

Sikuthubutu kujibu, Tata Eugène alikuwa macho. Nikangoja Mama Chiku anitangaze. Hakumwambia mtu. Kesho yake mgonjwa mwingine akaruhusiwa, na safari hii akaacha samaki wawili. Nilipomwuliza mbona hanikasirikii, alisema siku ya upasuaji daktari atapasua “muguu tu”, ule uongo nitautoa mwenyewe. Akaniletea karatasi hii. Barua utaipata kwa mume wake, ambaye ni dereva wa njia ya Kolwezi.

Watanipasua Alhamisi. Daktari ataweka chuma, lakini amenionya kwamba huenda nikaamka sina mguu. Mbele ya wenzangu natania. Kwako nasema kweli: naogopa, yaya, na sitaki kuamka nikakuta hakuna wa nyumbani. Nisamehe kwa ule mdomo wangu. Njoo.

Ila ukifika usiingie moja kwa moja. Simama mlangoni, umwite Mama Chiku kwanza, awatayarishe watu taratibu. Tata Eugène hajashonwa bado.

Nisalimie shemeji, watoto, na hata Placide. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuzika bila kukuuliza,

Tshimanga