Harufu ya Iceland jikoni kwetu

Toongabbie, Jumapili, Agosti 2021

Mayai yameungua na bado nina furaha.

Leo ni siku ya tisa tangu mume wangu Rashidi ajifungie chumbani na korona. Chakula namwachia mlangoni. Wiki nzima hakusikia harufu yoyote, hata ya vitunguu, nami nimekuwa nikiogopa kimyakimya.

Mchana niliinjika mayai, nikajisahau kwenye simu na mama, maji yakakauka. Jikoni kote kukanuka. Mara nikamsikia Rashidi kutoka chumbani: "Zuhura, umeturudisha Iceland?"

Nikakata simu.

Iceland tulikaa siku mbili tu, tukitoka harusini kwa dada yake Kanada, kabla mipaka haijafungwa. Maji ya moto kule yanatoka ardhini yakiwa na harufu ya mayai viza. Tuliingia bwawani huku theluji ikituangukia vichwani. Mvuke ulikuwa mzito, nikawa namwona Rashidi akitoweka na kurudi, akitoweka na kurudi, akicheka.

Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wake. Naye akakaa upande wa ndani.

"Unasikia harufu kweli?"

"Naisikia. Mbaya sana."

Kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba Jumatano alishindwa kupumua vizuri, akaogopa kuniita nisije nikaingia. Nilitaka kumgombeza, nikaacha. Nikamwomba anisimulie ile theluji.

Alisimulia polepole, jua likisogea kwenye korido, na hakukohoa hata mara moja.