Betri Zilizobaki Kwenye Chaja

Jumatatu, 4 Machi
Tumepata kazi. Mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima, anapasuliwa koo Ijumaa. Daktari kamwambia huenda asiimbe tena. Bintiye anataka tumrekodi Alhamisi, nyimbo zake zote. Hakuna kurudia!
Nimeandika orodha: kamera mbili, lenzi, kadi nne, maikrofoni, betri zake. Mume wangu kacheka. Kwake mimi ni "Bibi Orodha". Yeye fundi, mimi mbeba mabegi.

Jumatano, 6 Machi
Nimetandaza vitu mezani, nimekagua kimoja kimoja, nimetia tiki. Zimebaki betri za maikrofoni, ziko kwenye chaja. Akaja mteja wa picha za pasipoti. Nikamwomba mume wangu amalizie.
Kurudi — tiki zote zimejaa, mabegi yamefungwa. Nikashika zipu. Akauliza, huniamini? Nikaona haya. Sikufungua. Mjinga mimi!

Alhamisi, 7 Machi
Kaimba saa nzima na nusu, macho kayafumba. Nyuma ya kamera machozi yalinitoka.
Tumerudi studio, nimesikiliza. Nyimbo mbili, kisha kimya. Kimya mpaka mwisho! Ndani ya maikrofoni zilikuwa betri kuukuu. Za kuchaji ziko pale pale kwenye chaja. Na kazi ya kusikiliza tukirekodi ilikuwa ya mume wangu — yeye alikuwa uani na simu.
Nikasema tumpigie binti sasa hivi, mama bado ana sauti mpaka apasuliwe kesho saa nne. Akanipokonya simu. "Unataka kuniharibia jina?" Halafu namsikia akimwambia kaka yake: mke wangu kasahau betri.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne imepita. Ningeweza kwenda hospitali kwa miguu. Sikwenda.

Jumanne, 19 Machi
Wamekuja bila taarifa. Mama koo limefungwa bandeji, bintiye kamshika mkono. Nikamwamkia. Akatikisa kichwa, akacheka bila sauti, akagusa sikio lake.
"Mama anataka kujisikia," binti kasema. "Tangu jana hana raha."
Mume wangu kawavutia viti, adabu tele. Kisha: "Mke wangu atawaeleza." Kachukua funguo, katoka!
Nimewaambia nafungua mafaili. Niko chumba cha nyuma, naandika. Namsikia binti: "Tulia mama, anakuja. Tutaanza na ule wimbo wa mwisho, au?"
Mama anapiga makofi taratibu, anahesabu mapigo ya wimbo —