Kipimo cha Zamani

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila naandika kwa hasira, utaona herufi zinavyopinda. Mgongo wako umepoa? Na lile jicho la kulia, bado linakusumbua ukitunga uzi?

Mama, kaa kitako. Dokta yuko hapa.

Si daktari wa kweli. Ni yule Dokta wa nyuma ya kinyozi, aliyekuwa na dawa ya kila shida kwenye mkoba wake: bangi ya kumchekesha mwenye huzuni, vidonge vya kumlaza aliyekosa usingizi, unga wa kumsahaulisha mwenye mengi kichwani. Ndiye aliyempa kitinda mimba wako kete yake ya mwisho ya unga. Jana amejiandikisha kliniki kwetu. Eti anataka kuacha.

Unajua kazi yangu. Kila asubuhi mateja wanapanga foleni dirishani, nawapimia methadoni, ile dawa ya maji inayoutuliza mwili usiulilie unga. Mtu anataja jina, anataja siku aliyokunywa mwisho, nammiminia, anakunywa nikimtazama. Kisha lazima aseme neno, nijue amemeza na hajaificha shavuni akaiuze. Dokta alimeza akasema, "Asante, sista."

Mimi nilimtambua alipotaja jina lake na mtaa wetu, ila yeye hakunijua. Nilivaa barakoa, na alipoanza kuzoeana na mdogo wangu mimi nilishaondoka nyumbani kuja kusoma. Nilitamani kumtemea mate kikombeni. Badala yake nikaandika jina lake kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mwanao, kifungua mimba


13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, jicho lipo, na roho leo imepata chakula. Barua yako nimeisoma mara nne, suruali ya mteja ikaungulia kwenye pasi. Shauri yake.

Mimi ni fundi cherehani, kitambaa nikikishika najua kitachanikia wapi. Sasa wewe msomi nieleze mwili unachanikia wapi. Bangi inafanya nini? Vidonge je? Unga je? Nataka kujua mtu yule anaumwa nini, na anaumwa kiasi gani. Usinifiche, nitafurahi.

Maana mwanangu, mdogo wako mimi nilimponya. Wiki sita nilimfungia chumba cha cherehani, nikamwosha, nikapangusa matapishi yake, nikamlisha uji kwa kijiko. Majirani niliwaambia yuko kwa mjomba wake, amepata kazi kwenye karakana ya mbao. Wewe pia nilikwambia hivyo, nisikuvurugie mitihani. Alitoka chumbani mashavu yamejaa, anacheka. Nikamtuma vifungo. Vifungo tu! Wakamkuta nyuma ya kinyozi, midomo ya bluu, vifungo kumi na viwili mfukoni. Bado viko kwenye kopo, sijavishona popote.

Mama yako


22 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na ile suruali. Hapa tuko salama.

Umeuliza, nakujibu. Bangi inakausha mdomo, inafanya macho yawe mekundu na moyo uende mbio. Dakika inakuwa ndefu kama mchana. Mwingine anacheka, mwingine anaanza kuwashuku hata nduguze. Vidonge vya usingizi vinalegeza misuli na kufuta kumbukumbu. Aliyevizoea akiviacha ghafla anaweza kuanguka kifafa. Pombe nayo ni hivyo hivyo: mlevi akikatishwa ghafla hutetemeka, akaona wadudu ukutani wasiokuwepo.

Unga ni mpole, ndiyo ubaya wake. Unaondoa maumivu, unaondoa wasiwasi, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Na unapunguza pumzi. Ukizidi, mtu anasahau kupumua. Ukikosekana, ndiyo arosto: kamasi, miayo, vipele vya baridi, mifupa inavunjika bila kupigwa, tumbo linaharisha. Siku ya kwanza Dokta alikuwa anapiga miayo huku ameshika suruali, anaulizia choo kiko wapi. Mama, nilimwelekeza njia ya kuzunguka. Sina adabu, najua.

Sasa sikiliza kilichomuua mdogo wangu. Mwili unaoujua unga unauvumilia. Ukikaa mbali nao wiki kadhaa, mwili unasahau, na kipimo cha zamani kinakuwa sumu. Methadoni ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mtu akikosa siku kadhaa, sheria inasema aonwe na daktari na aanze tena na kidogo. Dokta ni mtu wa biashara hiyo miaka na miaka, hawezi kuwa halijui hilo. Alijua, akampa.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sina salamu nyingi.

Siku atakayokosa na kurudi, mpe kipimo chake cha zamani. Huhitaji kisu wala ugomvi. Yeye alifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyemuuliza. Dawa ya moto ni moto.

Nimekunyonyesha miaka miwili, sijawahi kukuomba kitu. Naomba hiki.

Mama yako


19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumai jicho limepata nafuu.

Dokta alipotea siku tano. Jumatatu akarudi, amekonda. Mimi nilikuwa na barakoa usoni na barua yako mfukoni. Kabla hajafika dirishani nilishammiminia kikombe. Kipimo cha zamani, kamili.

Nimekimwaga kwenye sinki. Nikamwita daktari, akamwanzisha upya.

Nisamehe, na usiniulize kwa nini.

Mwanao


27 Aprili

Wewe,

Jicho langu lina nafuu, linaona vizuri sana. Linaona nilizaa watoto wawili, mmoja yuko kaburini na mwingine anamnywesha dawa aliyemuua.

Woga huo umeurithi wapi? Si kwangu. Mdogo wako angekuwa dirishani na wewe ndiye uliyezikwa, asingemwaga.

Kama una sababu, iandike. Kama huna, usiniandikie tena.

Mama


6 Mei

Mama,

Umetaka sababu. Soma ukiwa umekaa.

Alipofika dirishani nilimuuliza kama tunavyouliza wote, "Umekunywa mwisho lini?" Nilikuwa naomba adanganye, Mama. Wengi hudanganya. Angesema jana, ningelifumbia macho daftari, nikampa.

Akasema, "Sista, nimekosa siku tano, na katikati nilivuta. Andika kweli, usinionee huruma. Kuna kijana aliwahi kunidanganya, nikamuua."

Nikamuuliza kijana gani. Akasema, "Mtoto wa fundi cherehani. Alipotea wiki sita. Aliporudi nikamuuliza, ulikuwa wapi, umeacha? Maana kama umeacha nakupa kidogo, au sikupi kabisa. Akaniambia hapana, nilikuwa kwa mjomba, karakana ya mbao, na huko unga upo tele, navuta kila siku. Nikampa kipimo chake cha zamani."

Alishika neno lako, Mama. Bila shaka ulimwambia mtu yeyote akiuliza aseme hivyo, akasema hivyo. Cha kuongeza aliongeza mwenyewe, ili apewe. Hata mimi ningejua umemfungia ningekwambia usimwache atoke peke yake, mwili umesahau. Mwaka wa kwanza tu walitufundisha. Lakini kwangu pia alikuwa kwa mjomba.

Nilikuwa sitaki kukuandikia haya. Umenilazimisha.

Mwanao


14 Julai

Mwanangu,

Marahaba, ingawa mara ya mwisho hukunisalimu. Nilistahili. Mimi mzima, nakula, nalala kidogo.

Miezi hii miwili nilikuwa na kazi. Nimepita nyumba kwa nyumba, nikawaambia hakwenda kwa mjomba, nilimfungia ndani, alikuwa teja na nilimwonea aibu. Unajua jirani wa ukuta mmoja alinijibu nini? Alimsikia akilia wiki zote sita. Alinyamaza ili asiniaibishe. Basi hapa mtaani sote tulikuwa tunastahiana, na mtoto akafa katikati yetu.

Kuhusu Dokta. Usije ukadhani nimemsamehe. Kete ni yake na mkono ni wake. Nilitaka afe, lakini sasa sitaki. Akifa atapumzika, na akirudi kwenye unga atasahau. Mpimie dawa yake sawasawa, asikose hata siku moja. Akikosa, mtume mtu amfuate. Nataka akili yake itulie, isafike, ikumbuke kila neno aliloambiwa na mwanangu. Mimi nakumbuka bila dawa. Asikimbie akaniacha peke yangu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna shati la mikono mirefu. Nimelishona kwa makini, kazi yangu siichezei. Vifungo ni vile vya kwenye kopo. Urefu nimekisia, kama ni fupi niandikie.

Mpe alivae kwanza. Akishafunga mpaka kifungo cha juu, ndipo umwambie vilitoka mfukoni mwa nani.

Mama yenu